Rudi Kesho

Kifuniko kina ufa toka kona hadi kona,
herufi M imeng'oka, kioo kimeota doa
kama wino uliomwagikia daftari la zamu.
Zamzam aliileta kutoka Kampala, ameifunga kwa kanga:
"Baba, mpe fundi, hakosi kukupa elfu thelathini."

Sikumpa fundi.
Mimi nimetunza mafaili miaka thelathini na moja
hospitalini Arua, chumba cha nyuma, ukuta mmoja na mochwari.
Mchwa wa kule nawajua kwa ladha zao:
huanza na gundi, humalizia na majina.

Mpwa wangu Swadiki akaja Jumamosi,
flashi imening'inia kwenye funguo zake za pikipiki.
Tukafuta kila kitu. Tukapanda mfumo mpya,
hauna picha wala mapambo, maandishi meupe gizani.
Nikaupenda papo hapo. Unaongea kama memo.
Tukaiambia: ukifunikwa, usilale.
Mara tatu tukaifunika, mara tatu ikalala
kama askari wa lango letu la zamani;
mara ya nne taa ya kijani ikabaki macho.
Tukaipa nambari isiyohama, mia moja na kumi na mbili,
simu zote za nyumba zijue mlango wa kubisha.
Betri ni mgonjwa wa siku nyingi, lakini
umeme ukikatika Oli nzima
hujikaza dakika ishirini na tano.

Makao yake ni juu ya kabati la vyombo,
matofali mawili chini, ipate kupumua.
Mastula akaivika kitambaa cha kufuma.
Nikakivua. Akakirudisha.
Sasa kitambaa kinakaa chini ya matofali.

"Inafanya nini hasa?"
Seva, nikamwambia. Maana yake mtumishi.
"Kama wewe?"
Hakuinua macho kwenye kunde zake.

Humo mna risiti za karo tangu Zamzam yuko chekechea,
arusi yake, video nzima imezibwa na kisogo cha mpiga picha mwingine,
marehemu mama akihesabu mbuzi kwa Kinubi,
akikosea, akianza upya,
na hati ya kiwanja, kurasa nne.
Huhitaji bando. Vyote viko sebuleni.

Juzi Onzima akaja na maneno ya mpaka,
ati michongoma yetu imetembea usiku.
Mastula, mikono imejaa unga,
akagusa simu kwa kidole cha mwisho.
Sekunde mbili. Hati. Mhuri wa buluu.
Onzima akakubali chai.

Sekunde mbili.
Nikatoka nje, nikajifanya natafuta kuku.

Maana mimi nililijua neno moja, rudi kesho,
nikalisema hata na andazi mdomoni,
faili likiwa hatua sita nyuma yangu, rafu ya tatu.
Wengi walielewa,
wakasahau kitu kidogo chini ya daftari.
Mama Adiru wa Terego hakuelewa.
Alikuja Jumatatu kwa miguu, akaja Jumatano,
akaja Ijumaa na viatu mkononi,
akitaka karatasi za mtoto ampeleke Gulu.
Nikamwambia limepotea. Sikuwa nimelitafuta.
Jumatatu ya pili hakuja.
Sikuuliza. Ukarani una adabu zake,
na hiyo ilikuwa mojawapo.

Usiku nikaifungua ile skrini ya giza.
Kwa kidole kimoja nikaandika jina la folda,
nikibonyeza M kwenye kimpira kilichobaki,
mara ya kwanza, na mara ya pili:
MAMA ADIRU.

Leo Swadiki ameiona.
"Mjomba, hii ni tupu. Niifute?"
Inakula nafasi?
"Hata kidogo."
Basi iache.

Feni ikaguna, ikanyamaza.
Mastula akauliza kutoka jikoni
ni nani huyo tunayemzungumzia.