Kiganja Juu ya Meza

Mume wangu anaitwa Anyosisye,
na miaka sita kidole chake cha pete hakikunyooka.
Kilabuni jina hilo liliwatosha kwa kicheko.

Kilianza na kinundu, kama punje ya haragwe.
"Sugu ya ndoo," alisema, akaendelea kukamua.
Kisha kishimo. Kisha uzi. Uzi ukawa kamba;
usiku nikiibonyeza nilidhani ni mfupa.
Hakikumuuma. Hilo ndilo lililotupumbaza:
kisichouma hakipandishwi basi.

Akinawa uso, kidole kilimchoma jicho.
Juni ya Tukuyu, mfuko wa koti ulimng'ang'ania mkono.
Pete tuliivua kwa sabuni, tukagombana.
Akitoa sadaka, nyuma walinong'ona: mkono wa birika.
Babu yake, Mwakasungula, alizikwa hivyo,
ngumi mbili, na jina la uchoyo mpaka leo.

Mbeya, hospitali ya rufaa, Daktari Sekela
hakuuliza mengi. "Laza kiganja mezani."
Mwanga ukapita chini yake
kama Kiwira chini ya Daraja la Mungu.
"Kano zako ni nzima," akasema, akachora nyuma ya bahasha:
utando, umetandazwa toka kifundo hadi mashina ya vidole,
kazi yake kuishika ngozi isiteleze kwenye mpini.
Huo ndio umenenepa, umejisokota, unavuta.
Mara nyingi ni wa ukoo.
Si ng'ombe, si jembe, si mkono wa mtu.

Nikamuwaza babu. Nani atakwenda kumwambia?

Walimpasua kwa mistari ya kwenda na kurudi,
kama barabara ya Kitonga,
maana kovu lililonyooka hujikunja tena.
Wakaitenga mishipa ya fahamu, polepole,
wakaitoa kamba. Nyeupe, nesi alisema,
kama uzi wa mgomba.

Miezi mitatu amelala na kibao, mkono umefungwa kama kichanga.
Mchana donge la unga: finya, fungua, finya.
Nilikamua mimi. Ng'ombe akanipiga teke mara mbili.

Hakijanyooka chote. Daktari alituonya:
hurudi, pengine hata mkono wa pili.
Jana, nikisuuza vyombo, nilimwona
amelaza kiganja mezani, peke yake,
ameinama, shavu karibu na ubao, anatafuta mwanga.
Ulikuwepo. Mwembamba, wa kupitisha karatasi.

Pete imo kikombeni, kabatini.
Hatujaijaribu.