Moyo wa Arobaini na Moja

Usianze na asali. Kila mgeni wa Tabora
huanza na asali akisikia napima watu wa kisukari,
kisha hucheka peke yake.
Watu wangu sukari imewaingia kwa milango mingine:
kwa damu ya mama, kwa kukaa, kwa chai ya stendi,
na kwa wengine sijui. Fomu ina kisanduku cha sijui.

Alhamisi, saa tatu, umeme upo.
Anaingia Mrisho Kapalata wa Isevya,
fundi mstaafu wa mabehewa,
kisukari mwaka wa kumi na moja.
Kifua hakimuumi. Baiskeli anaendesha, hahemi.
Amekuja kwa sababu nimemwomba.
Hao hasa ndio tunaowatafuta, wasiolalamika,
ili tujue moyo huanza lini kunyamazia jambo.

Lalia ubavu wa kushoto. Mkono chini ya kichwa.
Jeli ni ya baridi, nisamehe.
"Baridi kama bomba la breki alfajiri," anasema,
na mbavu zake zinacheka chini ya kifaa changu,
picha inaruka, nangoja.

Halafu upo.
Sijauzoea bado, na huu ni wa arobaini na moja:
ngumi ya kijivu gizani, inafumba, inafumbua,
vali zikipepesa kama kope za mwanafunzi
anayepigana na usingizi baada ya chakula cha mchana.
Nabonyeza rangi. Nyekundu inakuja, buluu inakwenda.
Vuta pumzi. Toa. Ishike hapo.

Kukamua, unakamua. Asilimia sitini na mbili.
Mwenye haraka angempa hongera, vaa shati.
Mimi natafuta upande wa pili wa pigo,
ule usiosifiwa na mtu:
moyo unapoacha,
unapolegea ili damu iingie bila kusukumwa,
kama jirani aliyekuta mlango wazi.

Kwenye kioo huwa vilima viwili,
cha kwanza kirefu, cha pili kifupi.
Cha kwanza ni kulegea. Cha pili ni chumba cha juu
kikisukumiza kilichobaki.
Vya Mrisho vimebadilishana vimo.
Napima mwendo wa ukuta wenyewe:
sentimita sita kwa sekunde. Nilitumaini nane.
Narudia. Sita.
Narudia. Sita na nusu, kwa huruma.

"Unaona nini?"
Utafiti una maneno yake, yote marefu.
Namgeuzia kioo.
Anatazama kichwa upande,
kama mtu anayelisikiliza behewa, si kulitazama.
"Breki," anasema.
"Injini yako nzima. Ila hii breki imeshika, haijaachia yote.
Behewa la hivyo linakwenda, hata Kigoma linafika,
abiria hawajui kitu.
Sisi kituoni tulikuwa tunagusa gurudumu kwa kiganja.
Likiwa la moto, tunajua."

Miaka sita darasani,
na hakuna aliyenipa neno hilo.

Nikamfuta jeli. Nikamwambia yaliyo ya kweli:
kwamba si hukumu,
kwamba dawa asiruke, hata siku anayojisikia kijana,
kwamba namba moja haimalizi habari ya mtu,
kwamba nitamwita tena mwakani.
"Na soda?"
Soda acha.
"Na wewe, nani anakupima?"
Nikajifanya natafuta kalamu.

Fomu haina kisanduku cha breki.
Nikaandika pembeni, kwa penseli, herufi ndogo.

Usiku, kitandani Kiloleni, naisikia treni stesheni.
Imesimama muda mrefu, kama kawaida yake.
Kisha, kabla ya kuondoka, ule mpumuo:
zinaachia, behewa kwa behewa,
hadi la mwisho, ambalo linachelewa kidogo.

Nalalia ubavu wa kushoto.
Kiganja kifuani,
napapasa kama kuna joto.