Nyuma ya Tela

Alfajiri, trei arobaini za mayai ndani ya Probox,
natoka Kibosho na taa moja iliyofifia.
Ndeshukurwa ameniandikia kwenye daftari:
mafuta, elfu ishirini, usizidishe.
Ile usizidishe ameipigia mstari.

Basi nikavizia tela.

Fundi Kaanaeli ndiye aliyenifundisha:
lori, alisema, linapasua upepo kama jembe,
na nyuma yake hubaki mfereji mtupu.
Ingia humo, legeza mguu,
utavutwa bure kama jani mtaroni.
Alisema huku akifuta grisi kwa gazeti.
Hakusema umbali.

Nikalikuta moja mteremko wa Kikafu,
limesheheni saruji, turubai likipumua.
Nikasogea. Mita thelathini. Kumi na tano.
Kelele za upepo zikakatika,
kana kwamba mtu amefunga dirisha.
Nikaanza kupiga hesabu kwa sauti:
nusu lita kwenda, nusu lita kurudi,
siku sita kwa wiki, toa Jumapili,
ifikapo Desemba ni bati nne za jikoni,
ni viatu vya shule vya Elinami,
ni

Mlima sikuuona asubuhi ile.
Watu hupanda ndege kuja kuutazama;
Kibo ilikuwa kuliani kwangu, nyeupe pee,
nami macho yangu yako kwenye ubao wa nyuma,
matope yaliyokauka, boliti isiyo na nati,
na maandishi ya rangi nyekundu:
MUNGU ANANIONA, WEWE JE?
Boma Ng'ombe ikapita, sikuijua.
Njia ya uwanja wa ndege ikapita.
Dunia yangu nzima ilikuwa na upana wa tela.

Kikatiti.
Sijui alikuwa punda, au mtoto, au ndoo tu.
Yeye aliona. Mimi niliona taa nyekundu, moja,
maana ya pili ilikufa zamani,
kisha ubao ukanijia ukikua,
herufi zikikua, WEWE JE, WEWE JE,
mguu ukazama mpaka sakafuni, matairi yakalia,
nikasimama.
Kati ya boneti yangu na chuma chake
ungepitisha kisahani cha chai, kwa ubavu.

Kimya. Halafu nyuma ya kiti changu
kitu kikaanza kudondoka, polepole,
kizito kuliko maji.

Nilimfikia Usa River, amesimama kugonga matairi kwa nondo,
mtu mzima, shavu limejaa karanga.
Nilitaka kumgombeza. Nilitaka kumshukuru.
Nikasema, kaka, ni mimi niliyekuwa nyuma yako tangu Kikafu.
Akanitazama kama mtu anayedaiwa na asiyemjua.
Nyuma yangu? Hapakuwa na mtu.
Akanyoosha nondo kwenye kioo chake, kikubwa kama sinia:
Usipouona uso wangu humu ndani, mimi sikujui.
Akaokota karanga nyingine, akanipa na mimi.

Mwendo wote ule nilidhani tuko wawili.

Trei tisa. Ndeshukurwa hakupiga kelele.
Alichovya kidole kwenye ute uliokauka pembeni ya kiti,
akaugusisha na kucha,
akaziandika zote tisa kwenye safu ya mafuta.

Siku hizi naliacha litangulie.
Nachagua nguzo ya umeme, lori likiipita nahesabu:
moja ya Ndeshu, mbili ya Elinami, tatu ya mayai, nne yangu.
Nisipofika nne, napunguza.
Upepo unanipiga kifuani na ninaulipia,
nusu lita kwenda, nusu lita kurudi,
na bati za jikoni bado ziko dukani.

Lakini nisidanganye.
Jana, pale Maji ya Chai, lilinipita moja refu, jipya, taa zote nzima,
likanivuta kidogo kwa ubavu,
na mguu wangu wa kulia, huu huu,
ukaanza kuwasha.