Faili Lako Ni Zito Mno

Wete, saa tatu ya usiku. Chumba cha kompyuta
chanuka turpentaini na popo.
Dirisha la pili halina kioo; tumelizibia mchoro
uliofeli mwaka juzi, nao unazuia mvua vizuri.

Mwisho wa kupokea ni saa sita, wameandika,
hawakusema ya nani.
Nimehesabu kwa vidole mara tatu,
mara tatu vidole vimenipa jibu jengine.

Watahiniwa kumi na wanne, kazi arubaini na mbili.
Majina hayatakiwi. Namba tu.
Kwa hiyo Faki, anayechora kwa mkono wa kushoto
na kuuficha kila bibi yake anapopita,
ni sifuri-kumi-na-moja,
na Hamadi ni sifuri-tatu.

Picha tulizipiga juzi uani,
juu ya shuka ya Bi Zuwena wa jikoni.
Time alishika sinia la bati kurudisha jua,
na kuku wa jirani akapita mbele ya lenzi,
taratibu, kama mkaguzi.
Nimemfuta. Alikuwa na rangi nzuri.

Chungu cha Hamadi kilipata ufa njiani kutoka Kiuyu.
Nikapiga upande mzima.
Nikala. Nikaswali. Nikarudi
nikapiga na ufa.

Sasa zamu ya Raya:
mikono ya mama yake ikichambua karafuu,
mkaa juu ya gunia lililofumuliwa, pana kama mlango.
Ukilisogelea unapiga chafya.
Mashine haipigi chafya. Mashine imesema:
Faili lako ni zito mno.

Nikakaa nikayatazama maneno hayo.
Miaka yote mama Raya husimama foleni kwenye mizani
akaambiwa: hazijakauka, rudi nazo.
Na kwa mwenye mikarafuu: pishi hii haijajaa, bibi, ongeza.
Leo ndiyo mara ya kwanza
mikono yake kuambiwa imezidi.

Wanataka megabaiti mbili. Ninazo kumi na moja.
Nikapunguza. Kwa nane, kucha zingalipo.
Kwa tano, kovu la kidole gumba limekuwa vumbi.
Kwa tatu, nyuzi za gunia zimegandana kama uji.
Kwa mbili kasoro kidogo
ni mikono ya mtu, mahali fulani, akifanya jambo.

Kuna kisanduku: eleza vifaa vilivyotumika.
Raya ameandika: Mkaa. Gunia. Mama.
Kidole changu kilikwenda kwenye kitufe cha kufuta,
kikarudi.

Mstari wa buluu ukatambaa. Tisini na moja.
Tisini na sita. Umeme ukakatika,
mtaa mzima ukasema "aaa" kwa sauti moja.
Faki keshapanda juu ya tangi la maji, simu kaiinua:
"Mwalimu, mtandao uko huku!"
Tukaanza tena kwenye sifuri,
betri ikiwa na roho ya kuku wa mwisho wa tenga.

Saa tano na dakika hamsini na mbili: Imepokelewa.
Hakuna asante. Namba ndefu tu,
nikaiandika kiganjani kwa kalamu ya rangi.

Asubuhi mama Raya yuko mlangoni.
Karafuu zimewahi mwaka huu, gunia analitaka.
Nikamsomea kanuni: kazi halisi ibaki skuli
mpaka matokeo, miezi minne.
"Karafuu hazingoji matokeo, mwalimu.
Na gunia lenyewe la kuazima."
Akaketi pale pale barazani, sindano mdomoni,
akavuta uzi, akalishona,
mikono kwa ndani.