Nani Kawaoza?

Februari, Gimli. Hita ya gereji inakohoa,
na nati ya tatu imenidondoka tumboni mwa injini.
Sikuisikia ikitua.

Jumanne Petryshyn, mkaguzi, hakuitazama rangi
niliyoipaka mara nne.
Alipenyeza kidole nyuma ya silinda,
akaufuata waya wa plagi taratibu
hadi ulipolala juu ya mrija wa petroli.
"Hawa wawili," akauliza, "nani kawaoza?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.
Vikombe kabatini vikigongana, utasikia.
Hivi husuguana kimya,
unywele mmoja kwa kila saa ya kuruka,
mpaka siku moja, juu ya ziwa lililoganda,
cheche ikutane na tone.

Basi nimenunua vibano,
chuma chembamba kilichovaa mpira mweusi.
Kimoja kimeukumbatia waya, kingine mrija,
wamepeana migongo kwenye bolti moja:
majirani wa ukuta mmoja, kila mtu na mlango wake.

Kukifumba ndiyo kazi.
Midomo yake haitaki kukutana.
Nakibana kwa koleo, nabembeleza,
natukana kwa Kiaislandi cha bibi yangu Ragnheiður;
bolti inaingia nusu, inatoka.
Ngozi ya kidole gumba imebaki kwenye mapezi ya silinda.

Kumi na tisa vimekaa.
Navitikisa kimoja kimoja
kama mama anayepima jino la mtoto.

Lakini ile nati bado imo humu.
Nazima redio,
nachukua tochi, na sumaku kwenye uzi,
nalala chali sakafuni.
Naanza upya, kutokea chini.