Mali ya Mtu

Wiki kumi na moja nimesimama chumba cha nne,
viatu vya mpira, redio kiunoni, beji ya jina, Nabintu,
ambalo Desmond wa mlangoni bado hulitamka kama anapiga chafya.
Nje ni Hull na mvua ya ubavuni, ile isiyoshuka bali inayopita.
Ndani ni Uhispania, yaani giza,
giza waliloliweka kwa makusudi,
halafu mtu mmoja akawasha limau.

Picha thelathini na mbili, zote za nyumba moja.
Kibandiko hakiitaji nyumba. Kinasema: mali ya mtu binafsi.
Siku ya kwanza nilicheka. Ingekuwa mali ya nani tena,
ya jini?
Watakatifu tisa, mmoja kabeba macho yake mwenyewe sahanini
kama anayekuuzia mayai.
Mwanakondoo kafungwa miguu, sufu yake inakuita uiguse,
na kazi yangu ni kusema usiguse.
Watoto wa shule huuliza kama amekufa.
Nawaambia bado. Sijui kwa nini nasema bado.

Lakini mimi ni wa picha ya pembeni, karibu na kipasha joto:
mwanamke jikoni, Sevilla, mchoraji hajulikani,
naye hajulikani zaidi.
Ngozi yake ni ya kwetu. Mkono mmoja juu ya kinu cha shaba,
vitunguu saumu vitatu, kimoja kimeanza kumenywa.
Wageni humpita wakimkimbilia mtakatifu.
Macho hayana pazia, wanasema, ila yana haraka.
Mimi nina saa saba kwa siku. Nimemsoma
kama mtu anavyosoma barua ya uhamiaji,
kila mstari, na nyuma ya karatasi.
Najua kiwiko cha gauni kimetiwa kiraka kwa uzi wa rangi nyingine.
Najua kuna inzi ukingoni mwa sahani,
mdogo kama punje ya ulezi, na kivuli chake anacho.
Najua kuna kitu amekisikia nyuma yetu
na hajageuka.

Jumatatu huwa tumefunga. Akaletwa bibi kwa lifti,
koti la kijani, fimbo: Bi. Thornley.
Mkurugenzi akamzungusha, akapigiwa simu, akatoka.
Tukabaki watatu.
"Alikuwa chumba chetu cha kulia," akasema, "miaka arobaini,
juu ya kabati la vyombo. Mume wangu alimnunua
pamoja na saa ya ukutani. Saa ilikufa.
Sasa ukutani pamebaki weupe wa umbo lake.
Nikila nautazama. Yeye sikuwahi kumtazama hivyo."
Nikasema, sijui nani alinituma, "Inzi umemwona?"

Hakumwona. Akavua miwani, akavaa, akasogea
mpaka kengele ikalia,
nami nikaizima, kinyume cha kanuni zote.
Miaka arobaini ya nyama ya Jumapili, na inzi yumo.
Akacheka mpaka akakohoa. Nikampa kiti changu,
jambo ambalo nalo haliruhusiwi.
Kisha, polepole: "Unadhani alikuwa na jina?"
Nilikuwa na majina kumi mdomoni,
ya shangazi, ya jirani, ya niliyesoma naye Bukavu.
Sikumpa hata moja.
Si kila kitu kinaazimishwa.

Ijumaa walikuja na masanduku, glavu za buluu,
sponji iliyokatwa kwa kipimo chake.
Parafujo kumi na sita. Nilizihesabu.
Desmond akasema, "Haya, Sevilla, safari njema,"
akaenda kubandika birika la chai.

Zamu yangu inaisha saa kumi na moja.
Ukutani kuna ndoano mbili na mstari wa vumbi.
Mgeni mmoja kapotea njia, kaingia, kanikuta nautazama.
Akasimama kando yangu, kichwa upande,
kimya,
kisha akaanza kutafuta kibandiko.