Mkono wa Kushoto Hauna Kazi

Kiinua mgongo nimekipanda.
Miaka thelathini na miwili ya chaki na madaftari,
skuli ya Micheweni, ya Konde, ya Kinyasini,
leo imeteremshwa gatini Mkoani
juu ya magurudumu mawili,
imefungwa kamba na mablanketi kama mgonjwa.

Suweid, kijana wa dukani, kavuka nayo kutoka Unguja.
"Mwalimu, hii haina klachi.
Haina gia ya mguu. Zipo sita, na zote
inajibadilishia yenyewe.
Wewe zungusha mkono wa kulia, uangalie njia."
Akanionyesha masanduku ya ubavuni,
kioo cha upepo kinachopanda na kushuka,
tangi la lita ishirini na moja.
"Hii ya masafa. Wapo wanaoifikisha Afrika Kusini."
Mimi nafika Wete.

Wapagazi wakacheka. Mmoja akauliza
nitakizunguka kisiwa mara ngapi kabla ya tangi kukauka.
Nikamwambia nitahesabu.

Kilima cha Mkoani kinaanza pale pale,
hakikupi nafasi ya bismillahi ya pili.
Vidole vinne vya kushoto vikafunguka,
vikaenda kukitafuta kile chuma,
vikakamata hewa.
Mguu nao ukakanyaga
pale palipokuwa na gia umri wangu wote
ukakuta hapana kitu.
Na honda ikapanda. Ya kwanza, ya pili, ya tatu,
sikuzijua mpaka zilipokwisha kupita,
kama mafuta ya nazi yanayohamishwa chupa kwa chupa.

Mize, ungeichukia.

Ile yetu nyekundu, ya mia na ishirini na tano,
kila nikibadilisha gia iliruka kama mbuzi
na kofia yako ikagonga yangu: ko.
Mtambile, ko. Ngwachani, ko.
"Faki," ukinambia sikioni, "unaendesha au unatwanga?"
Nami kwa ubishi nikaitia ya nne makusudi.
Ukanifinya ubavuni.
Maneno yetu mengi yalikuwa hayo.

Siku ya hospitali ulikwenda kwa gari.
Nilikufuata nyuma, peke yangu, gia ya tatu
mpaka Chake; sikuibadilisha.
Baada ya arubaini nikaiuza. Aliyeinunua
akauliza ina kasoro gani. Nikasema haina.

Suweid anadhani nimetaka ya otomatiki kwa sababu ya goti.
Mwache adhani.
Mimi nilipiga hesabu yangu:
pasipo mshtuko, hapana kungoja.

Basi nikapita Chake, nikashika njia ya zamani, ile ya kona,
karafuu zimeanikwa ukingoni, nikazikwepa majamvi
kwa adabu, injini ikinong'ona tu.
Watoto wa chuo wakasimama na juzuu zao kifuani.
Bibi mmoja akafunika beseni lake la samli, ingawa vumbi halikuruka.
Laini, Mize. Laini mpaka inakera.

Karibu na Kinyasini, chini ya gumba la kushoto,
nikakuta kitufe. Kidogo, kama punje ya mtama.
Kumbe anayetaka kubadilisha mwenyewe
ameachiwa mlango.

Nikakibonyeza mteremkoni, bila ya kupunguza mwendo.
Ya nne. Ya tatu. Ya pili, kwa ujinga.
Honda ikanguruma, ikanikaba, ikanisukuma mbele,
na shingo yangu, bila ya kuniuliza,
ikajikaza
kupokea.

Majani ya migomba. Injini. Jogoo wa mtu.

"Natwanga," nikasema, kwa sauti,
na mwanamume aliyekuwa akifunga mbuzi wake akageuka
akanitazama, akaitikia salamu ambayo sikuitoa.

Nikarudi juu. Nikauteremka tena.
Huo wa pili.
Lita kumi na tisa zimebaki.